Jiwe Lililokataa Kupasuka

Hotevilla,
mwezi wa sita

Kwa kaka yangu mpendwa Merwin,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Moenkopi. Natumaini kifua chako kimepata nafuu. Sisi tu wazima. Mama macho ndiyo hayo, ila mdomo haujambo.

Mahindi ya buluu yameota, ingawa mvua bado inatutazama kwa mbali. Unakumbuka niliitwa kwa msimu wa kupanda tu, kisha nirudi Winslow kwenye gereji yangu, niliyoianza na jeki moja bila msaada wa mtu. Kupanda kukaisha, likaja la jiwe. Lile la zamani lilipasuka wakati wa baridi, na nyumba isiyo na jiwe la kuokea mkate wa piki, anasema Mama, imekwisha. Nikamkumbusha kwamba ana watoto watano. Akanijibu kuwa hesabu najua, basi nijue na hii: wana wanne hawajumlishwi wakawa binti mmoja. Nyinyi mmeoa, mmehamia kwa wake zenu. Shamba, mbegu na nyumba, ambavyo kwetu hurithiwa na binti, vimenibakia mimi. Kila nikiipiga hesabu hiyo, mlango unafungwa.

Tukaleta jiwe jipya, tukalisugua hadi viganja vikachubuka. Siku ya kulichoma, mama mdogo Ardith akaonya kwamba likiwa linakunywa mafuta ya mbegu za tikiti maji, asiseme mtu kwa sauti, la sivyo litapasuka. Akanitania kwamba mimi, niliyezoea kufokea madereva, nitapasuka kabla yake.

Merwin, wao wanadhani nilijisahau. Sikujisahau. Nilitaka lipasuke. Kupata jingine kungechukua mwaka, nami ningekuwa nimeshaondoka. Moto ulipokolea nikaliinamia, nikapiga ukelele ambao hata mbwa wa jirani waliuitikia. Ardith akaziba mdomo kwa mikono miwili. Jiwe kimya, jeusi, linang'aa. Ndipo Mama, bila hata kugeuka, akaniambia niongeze sauti, halijasikia.

Jana nimepaka uji wa kwanza wa mahindi na majivu juu yake kwa kiganja kitupu. Vidole vimeungua. Mkate ukabanduka mzima, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Mama akaula wote, kisha akasema majivu yamezidi.

Usiniulize narudi lini. Ukipita Winslow, kishushe kibao chenye jina langu pale gereji. Usikitupe.

Wasalimie wote nyumbani, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Dada yenu mmoja tu,
Verla