Kisu Nilichompelekea Baba Mkwe

Jumamosi jioni. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi nimejifungia chumbani, sitaki kuonana na mtu. Niandike yote kama yalivyokwenda, bila kuruka.

Wiki nzima nimekuwa nikimwangalia Eliakimu kwa jicho la pembeni. Tunafanya kazi meza moja kwenye karakana ya shamba la kahawa, hapa Usa River. Jumatatu aliniuliza kwetu hasa ni wapi. Kwa nini aulize, baada ya miaka mitatu? Mara nikasikia amepita kwa kina Naishorua, mchumba wangu, eti anatafuta mbuzi wa kununua. Mbuzi! Usa River hakuna mbuzi?

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Karakana nzima inajua visu vyangu. Msumeno ukivunjika, mzungu mwenye shamba husema tupeni, mimi siutupi. Naukata, nautia tupa saa ya chakula, naupasha moto na kuuzamisha kwenye oili chafu. Mpini ni kipande cha mzeituni kilichobaki, ribiti ni waya wa shaba. Mzungu mwenyewe anacho kimoja, anakatia mkate ofisini, chini ya picha ya Malkia mpya.

Sasa mkwe nimpelekee nini, blanketi? Blanketi kila mtu anapeleka. Nikamtengenezea kisu cha springi ya lori, kizuri kuliko vyote. Leo nikaomba ruhusa, nikapanda nacho hadi kwake, upande wa Waarusha.

Mzee Loshiro hakukipokea.

Alikitazama tu mkononi mwangu, akamwita mkewe alete mafuta ya kondoo. Mama akayaleta upesi, wala hakuuliza ya nini. Hilo nalo nililiona. Mzee akapaka kiganja, ndipo akakishika, akajaribu makali kwenye nywele za mkono.

"Kisu kizuri. Mkono huu umeutoa wapi?"

"Karakana, mzee."

"Na babu yako alikuwa na kazi gani?"

"Alilima migomba, mzee."

Si uongo. Mmeru gani asiyelima migomba?

Lakini wewe daftari huna mdomo, acha nikuambie. Babu alikuwa mhunzi. Alifua mikuki na mapanga mpaka mgongo ukapinda, na kushika nyundo nilijifunza kwake. Kwa Waarusha, binti hapewi mtu wa ukoo wa wahunzi. Chuma kilichotoka mkononi mwa mhunzi kina nuksi, hakishikwi bila mafuta. Sote tumebatizwa, na mzee huketi benchi la mbele kanisani, lakini wapi! Ubatizo haujafika kwenye chuma.

Mchungaji wao ameshatangaza ndoa yetu Jumapili mbili. Kesho ni ya tatu, na atauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Naishorua alinisindikiza. Njia nzima nilimsema Eliakimu. Amenichongea yule, nani mwingine? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikataja mbuzi, nikataja Jumatatu, nikataja hata anavyocheka siku hizi. Nilisema mpaka mate yakanikauka.

Tulipofika mtoni akasimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia baba. Kabla ya tangazo la kwanza."

Siri ile nilimpa yeye peke yake.

Akasema baba yake alikaa siku nne bila kumsemesha. Siku ya tano akamwambia: mafuta ni desturi, nimepaka maisha yangu yote, sitashindwa kupaka kwa ajili ya mkwe. Huyo kijana akiniambia mwenyewe kwa mdomo wake, nitampa. Anayemficha babu yake, huyo simpi mtoto. Kisha akamkataza asinidokezee hata neno.

"Na leo amekuuliza," akasema Naishorua. Akageuka, akarudi kwao.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Eliakimu maskini, labda alitaka mbuzi kweli. Na babu, aliyenipa mkono huu, nimemzika mara ya pili kwa sentensi moja.

Kesho nitaondoka alfajiri, nimwahi mzee mlangoni mwa kanisa. Nitaanza na shikamoo. Asipoitikia, nitamwambia hivyohivyo babu alikuwa nani, watu wote wakisikia.