Huyu wa Tumboni Hashuki Ngazi

Malindi, Unguja
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa Mama yangu, Kilwa

Shikamoo Mama, na kama ningekuwa hapo ningeishika hiyo miguu kweli. Goti lako linakwendaje na mvua hizi? Yale mafuta ya karafuu niliyokutumia unajichua, au umeyaweka kabatini uwaonyeshe wageni? Nakujua wewe.

Mimi mwili haujambo. Tumbo limekua, miguu inavimba jioni, mtoto anacheza. Moyo ndio siusemei. Barua zote zilizopita nilikwambia sijambo, sijambo, na nimechoka kukudanganya.

Najua hii itasomwa Ijumaa, wifi Mwanaharusi akija kumtazama mwanawe Bakari hapo kwako, maana hapo hakuna mwingine awezaye kusoma hati yangu, na mumewe, Kaka Omari, haondoki kwenye cherehani yake. Wifi, nisomee taratibu. Mama akikwambia ruka, usiruke.

Barua yako imefika, Mama. Unasema Kaka Omari atakuja mwezi ujao kunichukua nije kujifungua kwetu. Nilipoisoma nililia, nikaibusu karatasi, nikaanza kukunja nguo siku ile ile. Sasa nakuandikia kukwambia asije. Usikasirike kwanza. Sikiliza yote.

Maisha ya huku unayasikia. Mchele foleni, sukari foleni, kitambaa foleni. Ukiona watu wamejipanga, unajipanga kwanza, ndiyo unauliza kinatolewa nini. Juzi nimesimama na tumbo langu mpaka jua la utosi, kumbe ni sabuni, na ilipofika zamu yangu ikawa imekwisha. Hayo nayaweza. Sikuzaliwa kwenye hariri.

Nisiloliweza liko ndani ya nyumba. Nyumba yetu hujaiona, basi nikueleze. Ni ya mawe, nyembamba, imepanda juu. Chini anakaa Bi Aziza, mama yake Seif. Juu tunakaa sisi, mimi na Seif mume wangu. Katikati kuna ngazi za mbao zenye giza hata mchana, na tangu siku niliyoingia kuwa bibi harusi, Bi Aziza anazipanda bila ya hodi. Anaonja chungu changu, anatia chumvi. Anafungua kabati, anazikunja upya kanzu za Seif, ati hivi ndivyo apendavyo mwanangu. Siku moja nimejifunga upande mmoja wa kanga, najipaka mafuta, nikageuka nikamkuta amekaa kitandani ananiangalia. "Umekonda," akanambia. Nikastahamili. Nilisema moyoni, kanzu ni za mwanawe, nyumba ni yake, mimi mgeni. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikoniponza.

Mwanangu Zuwena alipotimiza miaka miwili, Bi Aziza alipanda na shubiri kwenye kikombe. "Jipake kwenye ziwa, asikie uchungu, aliache. Usiku atalala na mimi siku mbili tatu asahau, kisha nitakurejeshea." Na kwetu hufanywa vivyo hivyo, Mama, kwa hiyo sikuona ubaya. Nikajipaka shubiri kwa mkono wangu mwenyewe. Mtoto akaja mbio kama kawaida yake, akaonja, akanitazama usoni. Sijawahi kutazamwa vile na mtu. Kisha akachukuliwa chini, na huko chini kulikuwa na maziwa ya moto na visheti.

Siku zile mbili tatu zikapita, nikashuka kumchukua. Bi Aziza akasema, "Mwache kidogo, ana mafua." Mafua yakapona, nikashuka. "Mwache, Ramadhani inaingia, utahangaika na futari." Ramadhani ikaisha, Sikukuu Kubwa ikapita, nikashuka tena. "Mwache, mwanangu, nshamzoesha. Kuzaa si kazi, kazi kulea." Ni mwaka sasa, na zaidi.

Nilimwambia Seif. Seif ni mtu mwema, simsemi vibaya, anatoka bandarini amechoka na bado ananiuliza kama nimekula. Lakini mbele ya mama yake hana ulimi. "Sauda," akanambia, "mtoto hakwenda Arabuni. Yupo hapo chini. Ni ngazi tu." Nikamjibu, "Basi kama ni ngazi tu, shuka ukamlete." Akavaa kofia yake akaenda zake barazani.

Nikashuka mwenyewe. Ilikuwa alasiri, Bi Aziza anaswali. Nikambeba Zuwena nikapanda naye, nikafunga mlango. Nilikuwa nimempikia tambi za sukari na nazi, nimemtandikia kwenye kitanda kipya. Mtoto alilia, Mama. Alilia mpaka akatapika zile tambi, akaupiga mlango kwa viganja, anaita "Mama, Mama", na Mama mwenyewe anayemwita si mimi. Nikimkumbatia anajikunja. Mwisho nikafungua mlango nikamshusha. Bi Aziza alikuwa amesimama kwenye kipandio cha chini, amefungua mikono. Zuwena akaruka akaingia humo. Hakunisema hata neno. Bora angenisema.

Sasa asubuhi mtoto akiita "Mama" huko chini, mimi huku juu naitika "abee" kabla sijafikiri, na chini anaitika mwenzangu "abee". Sauti zetu zinakutana ngazini. Mimi ananiita Bi Juu. "Bi Juu, nipe kitana." "Bi Juu, bibi anakuita." Hapana, nimekosea, hasemi bibi. Anasema, "Mama anakuita." Mitaani watu wananiita Mama Zuwena, nami naitika, kwani nitawaambia nini?

Barua yako ilipofika nikaona Mungu kanifungulia. Nikamwomba Seif, naye, Mungu amlipe, akahangaika mpaka ruhusa ya kusafiri ikapatikana, na wewe hujui ilivyo kazi siku hizi mtu kupata ruhusa ya kuvuka. Nikashuka kumwambia Bi Aziza. Nilijitayarisha kwa vita. Alikuwa amekaa kwenye ngazi anachagua mchele, akanambia kwa upole, "Nenda, mwanangu. Mtu kwao. Kajifungue kwa mama yako, ukae mpaka arubaini ipite. Zuwena nnaye."

Nikamwambia, "Zuwena nnakwenda naye."

Akaendelea kuchagua mchele. "Wanangu wawili walivuka maji mwaka ule wa Mapinduzi. Walisema watarudi mambo yakitulia. Mpaka leo nnawangoja. Huyu havuki."

Nikamtazama Seif, maana alikuwepo, amesimama mlangoni. Akatazama chini. Kisha akasema, "Mama kasema kweli. Mtoto mdogo, bahari kubwa." Na hapo nikajua sina mtu katika nyumba ile.

Basi nikasema langu. Nilisimama pale pale, mkono tumboni. "Mama, kwa heshima zako zote. Huyu wa tumboni hashuki ngazi. Sitojipaka shubiri tena, sitompeleka kulala kwa mtu. Na kuanzia leo, kupanda juu ni kwa hodi."

Nilingoja matusi, au alie, au amwite Seif anipe talaka. Bi Aziza aliweka ungo pembeni. "Kaa," akanambia. Nikakaa. Akasema, "Seif nilimzaa mimi, akalelewa na bibi yake mzaa baba. Aliponiita mimi mama, alikuwa keshatahiriwa, mtoto mkubwa. Nililia, nikazoea. Na wewe utazoea." Kisha akauchukua ungo wake.

Mama, neno hilo ndilo lililonimaliza. Siku zote nilijipa moyo kwamba huyu mama hajui anachonifanyia, na kwamba siku akijua ataona haya. Kumbe anajua. Anajua kuliko mimi, na ndivyo alivyo. Sasa nimsubiri aelewe nini tena?

Hodi anapiga, usidhani hapigi. Anapiga hodi, na anaingia kabla sijasema karibu. Juzi alinipandishia nepi mpya za mtoto, kazipiga pindo kwa mkono wake, vizuri kweli. Nikazihesabu nikaona ni nusu. Nikamuuliza nyingine ziko wapi. Akanambia, "Zile za chini nshaziweka."

Ndiyo maana Kaka asije. Nikija huko nikakaa mpaka arubaini ipite, nikirudi Zuwena hata hilo jina la Bi Juu atakuwa kalisahau. Nikibaki, angalau kila asubuhi anapanda kuazima kitana, nami namchana nywele kwa muda anaoniruhusu. Nataka kuja, Mama. Nataka kulala kwenye kitanda chako cha kamba, nisikie unakohoa chumba cha pili. Lakini siji. Nitajifungua hapa, kwenye mikono ya Bi Aziza, na nikishajifungua sijui nitamshika vipi huyu wa pili. Nimesema hashuki. Kusema nimesema. Nguvu ya kulisimamia neno langu siioni inatoka wapi, na nyumba nzima inajua.

Sasa nina neno jingine, na wifi, ni hapa nilipokwambia usiruke. Soma kama nilivyoandika, hata sauti ikikataa.

Mama, mimi nilikuwepo Bakari alipoletwa kwako. Na yeye aliletwa kuachishwa ziwa, siku mbili tatu. Leo ameota meno ya pili. Na kila Ijumaa wifi anakuja na bakuli lake la mchuzi, anakaa kwenye mkeka karibu na mlango, anauliza kama mtoto amekula, anaambiwa amekula, anamtazama anavyocheza, anaondoka kabla ya magharibi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea maji. Nikadhani ni mtu wa maneno machache. Nikadhani amezoea.

Sikufundishi, Mama. Mtoto hamfundishi mzazi, na najua Bakari umemlea kwa mapenzi, umemponya surua huku wengine wamekata tamaa. Bi Aziza naye ana mapenzi. Sikatai. Nakuomba tu kama ninavyoomba maji. Hiyo nauli ya Kaka na hiyo safari ziacheni. Badala ya kunichukua mimi, leo wifi akiinuka kwenda zake, mwambie amshike Bakari mkono waende wote. Atalia. Atajitupa chini, ataliita jina lako mpaka msikitini watu watoke kutazama. Wewe kaa ndani. Usiende mlangoni, Mama. Usifungue mikono.

Ukilifanya hilo, nitajua hapa duniani linawezekana, na huenda nikapata nguvu ya kumshika wangu.

Nisalimie Kaka Omari, umwambie ruhusa niliipata na asidhani nimemdharau. Nisalimie Shangazi Mwajuma, na maandazi yake ninayoyaota. Mkunga aliyenizalisha mimi mwambie mikono yake niliitaka sana safari hii, lakini haikuandikwa. Seif anakuamkia. Bi Aziza pia anakusalimu, alinisisitiza nisisahau.

Bakari salamu zake msimpe hapo nyumbani. Wifi atampa njiani, wakiwa wanakwenda kwao.

Ni mimi mwanao,
Sauda