Jani Ambalo Baba Hakulipokea

Makumira, 4 Juni 1993

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa. Leo nitakueleza yote. Unauliza kwa nini nakataa kumuuzia mwekezaji wa maua shamba la baba yangu.

Nilikuwa msichana wa shule Wazungu walipowafukuza Wameru wenzetu kwenye ardhi yao. Anaeli, ndugu yake baba, alikuja kwetu na jani la sale. Kwetu, anayekuletea sale humkatalii ombi.

"Nipe pa kulaza watoto tu, ndugu yangu."

Baba aliogopa kunyang'anywa shamba lake pia. Akaficha mikono mgongoni. "Kawaombe waliokutuma uigomee serikali."

Anaeli akacheka. "Haya, lima na Wazungu wako. Ukifa, wakubebe wao."

Jani likabaki mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuliokota.

Shamba hilo ndilo lililotulisha. Wajukuu wa Anaeli wamepanga chumba mjini, Ngarenaro. Wakiniamkia, natazama chini kwa aibu.

Wajomba zako wameridhia tuwape wajukuu hao shamba hilo. Tungeliuza, fungu la marehemu mama yako lingekusomesha chuo, najua. Nijibu upesi, mwanangu: na wewe utaridhia?

Bibi yako