Kuku Tuliyempa Mnunuzi wa Kitalu

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Salamu zako za Dodoma zimenifikia hapa Maguu. Sisi wazima, shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na mahindi yamesimama vizuri.

Umeniuliza kama umuuzie yule bwana kitalu cha vito ulichorithi kule Tunduru, maana anasema ni shimo tupu na anakuonea huruma. Baba yangu aliacha vitalu viwili. Hicho chako ni cha pili. Cha kwanza tulikiuza mimi na kaka yangu Kosmas, enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi wa kila kitu wakaanza kufika huku.

Wetu alikuja masika, magari yameshindwa kupanda. Alipanda mlima kwa miguu, viatu mkononi, tope hadi magotini. Akasema, “Dada, kule mawe yamekwisha. Nawapunguzia tu mzigo wa leseni.” Wema wake ulitutia aibu. Kosmas akatia saini, nami nikamkamatia kuku wangu anayetaga, iwe shukrani.

Alipokuwa anateremka na kuku kwapani, nikayatazama yale matope miguuni mwake. Nikajiuliza: nani hupanda Maguu masika kwa ajili ya shimo tupu?

Sikwambii uuze, wala usiuze. Ila huyo wako ametoka wapi hadi Dodoma, na amekuja mara ngapi? Chai mpe, ni mgeni. Kuku asubiri kwanza.

Bibi yako,
Skolastika