Meno Yako, Misenga, na Koleo Niliyoiacha Mezani

Mwene-Ditu

Mdogo wangu Misenga,

Huku tungali wazima. Mguu wangu uliovimba kwenye treni sasa unaingia kiatuni. Wewe je? Shemeji bado anakohoa? Na yule aliyepewa nyumba yangu hapo Kapata, ameuacha mpapai wa mama usimame?

Barua yako imefika kwa mkono wa msafiri wa Lubudi. Unasema meno ya bandia niliyokutengenezea yalilegea, shemeji akayakaza kwa koleo ya karakana, na sasa yamekutia kidonda hata umeyafungia sandukuni. Hata tonge la bukari, ugali wetu, unalimeza bila kutafuna, na umekonda.

Mwambie shemeji simcheki. Mgodi umemfundisha kwamba kilicholegea hukazwa. Lakini kinywa si mtambo. Waya ule wa pembeni mwa meno ya bandia haulibani jino lako la asili, unalikumbatia tu. Ukiukaza, unalivuta jino zima kila unapotafuna, mwishowe litang'oka, na meno ya bandia yatakosa pa kushika. Bamba lenyewe lililobeba meno ndilo linaloyatuliza, likilala sawasawa juu ya ufizi. Nawe usiyapachike kwa kuuma! Sukuma kwa vidole, pande zote mbili pamoja. Ukiyavua, yaweke majini. Huko sandukuni yanakauka na kupinda.

Hata hivyo kidonda hakiponi kwa maelezo. Kolwezi amebaki fundi mmoja wa kazi hii: Ilunga, msaidizi wangu wa zamani, aliyekalia kiti changu tangu sisi wa asili ya Kasai tulipofukuzwa. Umeandika: "Mi siendi kwa ule muntu! Siku balikufukuza alisimama tu pa mulango, hata neno moja hakusema."

Ni kweli. Wewe uliyebaki kwa ajili ya mume Mkatanga ulimwona, nami nilimwona. Miaka saba tulikula sahani moja, na siku ile alitazama viatu vyake. Sijamsamehe, sikudanganyi. Lakini kazi yake ni njema; mimi ndiye niliyemfundisha.

Nenda, mama. Karatasi ya pili ni yake. Nimemchorea pa kulegeza waya na pa kukwangua bamba, kidogo kidogo. Akiuliza koleo ipi, ni ile ndogo yenye kitambaa chekundu kwenye mpini. Niliiacha mezani. Aitumie.

Msalimie shemeji, na shangazi yake anayeongoza kwaya. Ilunga usimpe salamu zangu. Mpe karatasi tu, mwandiko anaujua.

Ukitafuna karanga tena, niandikie.

Kaka yako,
Kalala