Boneti Imefungwa

Wewe, hutaamini. Lile gari la michezo la mtumba la shemeji yangu, lile fupi hata paka hulitazama kwa dharau?

Dada kamwambia: lisipowaka leo, linakwenda kwa wauza vyuma chakavu.

Fundi kaja, kafungua boneti, na betri ikamaliza umeme wake wa mwisho hapohapo. "Mzee, nafuata nyingine. Boneti usiifunge. Kufuli yake inafunguka kwa umeme wa betri hiyohiyo."

Kamwambia mara mbili. Mara mbili.

Fundi kupinda kona tu, jirani huyo, kaja kuchungulia. Shemeji akaona aibu gari lake kuachama kama kiboko. Akaifunga.

Fundi karudi na betri begani. "Nilisemaje?"

"Usinifundishe gari langu."

"Lako? Haya, lifungue."

Dada kapiga simu kwa wa vyuma.

Sasa shemeji kajitosa kwenye kiti, anatutukana wote, anaapa hatoki. Gari likivutwa, livutwe naye.

Lakini mimi nimemwona akijaribu kutoka. Kiti kiko chini mno, magoti yamegoma, na mwenye ubavu wa kumnyanyua hapa ni fundi peke yake.