Stereo ya Phuti Inakwaruza Tangu Niifunue

Shangazi Dikeledi mpendwa, naomba unisaidie maana nalia hata nikiosha vyombo. Mume wangu Phuti alifariki mwaka jana hapa Mamelodi akaniachia stereo yake ya zamani, nami kwa desturi ya msiba nikaifunika blanketi, nyumba ikakaa kimya mwaka mzima, na sasa nimevuliwa nguo nyeusi, wenzake wa chama cha jazi wanakuja Jumapili kumkumbuka kwa santuri zake, kwenye mashine yake mwenyewe, lakini nilipoiwasha ikakwaruza, spika ya kushoto ikakata, ikarudi, ikakata tena. Shemeji Madimetja akaniambia, "Mwenyewe amekasirika, mke wetu. Iuze." Nami naamini, Shangazi, kwa sababu siku yake ya mwisho aliniomba nimwekee santuri moja tu, nikamwambia anyamaze alale, akalala na hakuamka. Je, ndiyo maana ananinyima sauti?

Mokgadi Ledwaba

Mama Ledwaba, pole, pole sana. Sasa nisikilize. Phuti hajakasirika. Vitufe vya kuzungusha visipoguswa mwaka mzima hushika uchafu ndani, na huo ndio unaokwaruza. Ni kazi ya blanketi lako. Huyo shemeji naye muulize mnunuzi ni nani.

Chomoa umeme. Zungusha kila kitufe, cha sauti, cha besi, cha kugawa kushoto na kulia, mwisho hadi mwisho mara thelathini. Swichi nazo zibonyeze hivyo hivyo. Bado inakwaruza? Nunua dawa ya kusafishia swichi kwenye duka la vifaa vya umeme, na usithubutu kumimina mafuta ya bawaba. Kifuniko mwachie fundi akifungue na kuipulizia dawa hiyo, humo ndani umeme hubaki hata ukichomoa. Kisha, ikiwa imezimwa, badilisha nyaya za spika nyuma ya mashine, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto, ndipo uiwashe. Spika ile ile ikikata, ubovu uko kwake au kwenye waya wake. Ikikata ya pili, mpelekee fundi mashine kabla ya Jumapili.

Kuhusu siku ile, ndiyo, ulimnyima. Nikikuambia hukumnyima hutaniamini. Ulikuwa mke aliyechoka, ukataka mumeo apumzike. Jumapili usijifiche jikoni na masufuria. Keti na wenzake wa chama, uwaambie uliyoniambia mimi, kwani wale wazee nao wana siku zao za mwisho na Phuti wanazozijutia. Mashine nimekufundisha kuitengeneza. Hilo jingine halitengenezeki, Mama. Linabebwa, na umelibeba peke yako mwaka mzima.